Tip sio feki, kompresa yako ndo inakojoa

Juzi kaja dogo mmoja hapa karakana na kopo la Blue Band, analitikisa kama kayamba. Ndani kajaza tip (kile kichwa chenye tundu) na elektrodi za plazma, ile mashine ya kukatia chuma kwa umeme na hewa, zote zimeungua, nyingine tundu limepanuka mpaka linaingia msumari. "Shikamoo mzee, hivi vitu vya Kariakoo ni feki, nielekeze wanapouza orijino." Elektrodi 11 kwa wiki moja, na kazi yenyewe mageti mawili. Nikamuuliza kompresa yako umeitoa maji lini? Akanitazama kama nimemuuliza jina la bibi wa bibi yake. "Mzee, kompresa si ni ya hewa, maji yatoke wapi?"

Huyo ni wa nne toka masika yaanze. Nimechoka kuelezea mmoja mmoja, naandika hapa mara moja, mwingine akija natuma linki narudi kwenye kazi yangu.

Hewa ya Dar ina maji. Hilo hata shati lako linajua. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa imebeba kama gramu 24 za maji, na mashine ya ampia 40 au 50 inakula kama lita 170 za hewa kwa dakika, yaani kwa saa nzima ya kukata ni mita 10 za ujazo. Piga hesabu mwenyewe: gramu 240. Hiyo ni glasi ya maji umeipitisha kwenye kompresa, halafu unaniambia ni ya hewa tu.

Sasa kuna wajanja watasema mimi natoa maji kila asubuhi, na nyuma ya mashine kuna kile kichujio cha kikombe. Hapa ndo panaponiudhi kuliko pote, manake huyu ameshajua nusu ya jambo na nusu ndo inayomuunguzia tip. Kichujio kile kinakamata matone, mvuke hakikamati hata siku moja. Na hewa inayotoka kwenye pampu ni ya moto, piga kazi nusu saa halafu weka mkono kwenye lile bomba linaloingia kwenye tenki uone kama utauacha pale. Ikiwa moto hivyo maji mengi bado ni mvuke, yanakipita kichujio bila hodi, yanaingia kwenye hozi, humo ndo yanapoa yanakuwa matone, na matone yanaishia kwenye tochi, yaani kile kishikio unachokatia. Kwahiyo kikombe chako kikavu, unakionyesha kwa fahari, na tip inaungua vilevile.

Elektrodi ni shaba, ila pale katikati kuna punje ya hafniamu, ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na arki yote, ule moto wa umeme unaokata, inasimama juu ya punje hiyo. Hewa inaingia ikizunguka kupitia kile kipete chenye vitundu, mzunguko huo ndo unaibana arki ikae katikati ya tundu la tip bila kugusa ukingo. Ndani ya tundu hilo joto linapita nyuzi 20,000, hakuna shaba ya orijino wala ya feki inayostahimili kuguswa na kitu hicho. Tone la maji likifika linalipuka kuwa mvuke, mzunguko unavurugika, arki inayumba na kulamba ukingo. Utaisikia, badala ya mlio mmoja mnyoofu inatema mate, pwa, pwa. Tundu likishakuwa yai mkato unakuwa wa mshazari, unapunguza mwendo ili ukate, unaongeza ampia, na hapo unamalizia kuiua.

Kupima ni bure. Mashine nyingi zina swichi ya kujaribu hewa bila arki, elekeza tochi kwenye kioo kikavu nusu dakika. Kikipata ukungu umepata jibu. Rudia na tishu nyeupe, ikitoka na rangi ya chai hiyo ni oili ya kompresa, pistoni imechoka, na hilo ni tatizo lingine.

Dawa: poza kwanza, chuja baadaye. Watu wanafanya kinyume, wanafunga kichujio cha laki kadhaa pale pale kwenye tenki. Toka kwenye kompresa pitisha bomba refu la chuma ukutani, mita 10 au zaidi, lenye mteremko, na chini kabisa weka valvu ya kumwagia. Kichujio kiweke mwisho, karibu na mashine. Nafasi huna? Zungusha bomba la shaba ndani ya ndoo ya maji baridi, hewa ipite humo kabla ya kichujio. Nimeitumia ndoo hiyo miaka na siionei aibu. PVC ya maji usiguse kabisa kwa hewa ya presha, ikipasuka inarusha vipande kama vya chupa.

Na tafadhali, arki ikitema mate msikimbilie kuongeza presha. Mashine hizi nyingi zinataka bar 4.5 mpaka 5.5, soma iliyoandikwa kwenye yako, na unaisoma hewa IKIWA INATOKA, sio imetulia. Geji inaonyesha 6 imetulia, ukibonyeza inashuka 3, hapo kompresa ni ndogo au hozi ni nyembamba. Ukizidisha nayo arki inagoma kuwaka.

Haya, feki zipo, sikatai. Nimeshanunua elektrodi ambayo ile punje imekaa pembeni kabisa, unaiona kwa macho. Ila pia nimewahi kutumia za bei chee na hewa kavu zikanivusha kazi ya wiki mbili, za bei mbaya na hewa ya maji zikaisha kabla ya mchana. Vitabu vinasema shimo kwenye punje likifika kina cha kama milimita moja na nusu tupa elektrodi, na mimi nakiri nimevuka mara nyingi mteja akiwa amesimama mlangoni. Kuna siku nimepona, kuna siku iliondoka na tip na kipete kwa mpigo, na mpaka leo nikiiangalia elektrodi siwezi kukuambia hii itapona au la.

Sasa usalama, na hapa sicheki. Kila mtu anasema plazma haina hatari kwa sababu hamna mtungi wa gesi. Mashine ya kuchomelea ikiwa haijawaka arki ina volti 60 mpaka 90 hivi. Plazma ina 250, 300, nyingine zaidi, DC. Mwaka wangu wa pili kazini, karakana ya mtu, nilibadilisha tip mashine ikiwa imewashwa, tochi nimeibana mapajani, goti likabonyeza kitufe. Nilijikuta nimekaa chini mita moja kutoka nilipokuwa, mkono hauniitikii, na jamaa wanacheka wakidhani nimeteleza. Kofia ya tochi kwenye mashine nyingi ina swichi ndani, ukiifungua mashine inakata umeme. Kuna mafundi wanaiunganisha waya moja kwa moja "kwa sababu inasumbua". Inasumbua kwa sababu kofia haijakaza au kuna vumbi! Safisha. Na ukibadilisha tip chomoa plagi, ila subiri kwanza hewa imalize kutoka yenyewe, hiyo inapoza tochi.

Macho: miwani ya jua hapana. Ampia 20 mpaka 40 kioo cheusi namba 5, 40 mpaka 60 namba 6, 60 mpaka 80 namba 8. Kioo cha kuchomelea cha 11 ni kiza, mtu haoni mstari anakinyanyua, usiku mchanga machoni. Yale maziwa wanayosema yanaondoa sumu ukikata bomba la mabati, kunywa tu kama una njaa, ila yanaenda tumboni na moshi wa zinki umeenda mapafuni, hawakutani. Stenlesi moshi wake una kromu inayoleta kansa, kata nje au weka feni inayovuta. Pipa lililokuwa na petroli au thina sikati, hata uniambie limekauka mwaka jana, usiniletee.

Basi nikaenda na dogo mpaka kwake. Kavalvu ka chini ya tenki kalikuwa kameshikwa na kutu, tukakafungua na praizi, yakamwagika maji ya rangi ya chai ya rangi mpaka yakajaza lile kopo la Blue Band na kumwagika. Akanyamaza. Akaniuliza na zile punje za silika za kunyonya unyevu je? Nzuri, za mwisho baada ya kichujio, ila masika zinashiba upesi na sina hakika kama usumbufu wake unalipa kwa mtu wa mageti. Mimi zangu za bluu zikigeuka pinki nilikuwa nazikausha kwenye oveni ya nyumbani, mke wangu akasoma paketi akakuta zina kobalti, na ni sumu. Siku hizi nazikausha uwani, kwenye sufuria iliyotoboka, juu ya mkaa wangu mwenyewe.