Kula Stockholm: mlo mkubwa uwe mchana

Wageni wengi Stockholm hushinda na mkate na kahawa, halafu jioni wanaingia mgahawani na njaa ya siku nzima. Hapo ndipo pesa inapoisha. Jioni sahani moja ya chakula cha kawaida, bila kinywaji, ni kama krona 200 hadi 300. Mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, migahawa mingi ya aina hiyohiyo hutoa kinachoitwa dagens lunch kwa krona 120 hadi 160 hivi, na ndani ya bei hiyo mna sahani kuu, saladi, mkate na siagi, kinywaji baridi na kahawa ya kumalizia. Mlangoni utaona imeandikwa 11–14, yaani saa tano asubuhi hadi saa nane mchana. Fika kabla ya saa tano na nusu au baada ya saa saba. Saa sita wafanyakazi wa ofisini hutoka wote kwa pamoja na foleni hufika barabarani. Ukichelewa sana nako, chakula kizuri cha siku kinakuwa kimekwisha.

Sehemu nyingi usikae mezani kungoja mhudumu, maana hatakuja. Nenda kaunta, chagua kati ya nyama, samaki na chakula kisicho na nyama, lipa, chukua sinia, kisha jihudumie saladi na mkate. Sahani kuu kwa kawaida unapewa mara moja tu. Saladi na mkate unarudia. Ukimaliza, peleka sinia kwenye rafu ya vyombo vichafu. Kuliacha mezani wenyeji hulihesabu kuwa ukosefu wa adabu. Na jioni, ukitaka maji ya bure, agiza kranvatten, maji ya bomba, ambayo Stockholm ni safi na matamu kabisa. Ukisema "maji" tu unaweza kuletewa chupa ya kulipia.

Chakula cha kienyeji, husmanskost, ningekianzia kwa strömming, yaani samaki mdogo wa aina ya heringi kutoka Bahari ya Baltiki. Kibanda cha Nystekt Strömming eneo la Slussen kimejenga jina kwa kitu hiki kimoja. Samaki hupasuliwa na kutolewa mfupa, hubingirishwa kwenye unga wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) wenye chumvi, kisha hukaangwa kwa siagi. Huliwa na viazi vya kuponda, au hulazwa juu ya mkate mkavu wa knäckebröd pamoja na vitunguu na tango. Siri iko kwenye unga na moto. Unga wa rai ni mzito na wa chengachenga, kwa hiyo hufanya ganda linalovunjika mdomoni. Samaki akiwa na majimaji, au kikaango kikijazwa kupita kiasi, ganda hulainika na siagi huingia ndani ya nyama. Ukiona samaki waliokaangwa wamerundikwa vuguvugu, omba wa sasa hivi. Jambo la afya: kwa sababu ya dioksini, kemikali yenye sumu iliyomo katika samaki wa Baltiki, mamlaka ya chakula ya Uswidi inawashauri watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasile strömming zaidi ya mara 2 hadi 3 kwa mwaka.

Vidonge vya nyama, köttbullar, utavipata kila kona. Kwenye ukumbi wa zamani wa Pelikan, Blekingegatan, Södermalm, huja vikubwa, na sosi ya krimu, tango lililobanwa na lingon, yale matunda madogo mekundu yenye ukali wa ukwaju. Kwa asiyekula nguruwe, sikiliza vizuri: kima cha kawaida cha köttbullar ni blandfärs, ng'ombe na nguruwe pamoja. Uliza kabla ya kuagiza, "Är det fläsk i?", kuna nguruwe ndani? Uliza hivyohivyo siku ya Alhamisi, ambapo kwa desturi migahawa mingi hupika ärtsoppa, supu nzito ya njegere za manjano na nyama ya nguruwe, ikifuatiwa na chapati za maji na jemu. Asiyetaka mashaka kabisa aende Hermans, Fjällgatan: ni bufee isiyo na nyama, juu ya mwamba unaotazama maji na mji wa kale.

Sasa malipo. Noti usizitegemee, kwani sehemu nyingi hazipokei. Swish, malipo ya simu ya wenyeji, inahitaji akaunti ya benki ya Uswidi, kwa hiyo mgeni ni kadi. Bakshishi si lazima. Mhudumu ana mshahara, na asilimia 5 hadi 10 jioni inatosha ukiridhika. Lakini angalia kioo cha mashine ya kadi. Mara nyingi hukutaka kwanza uandike jumla unayolipa, bakshishi ikiwemo, ndipo inapoomba namba ya siri. Watu huandika namba ya siri mahali pa kiasi, na bili ya krona 285 inageuka kuwa maelfu. Soma neno: "belopp" ni kiasi, "kod" ni namba ya siri.

Hötorgshallen, soko lililo chini ya uwanja wa Hötorget, lina Kajsas Fisk na supu yake ya samaki. Hapo shibe ya mchana ni ya uhakika. Östermalms Saluhall, jengo la matofali la 1888, ni zuri zaidi kwa macho na ghali zaidi kwa mfuko. Yote mawili hufungwa Jumapili.

Alasiri ni wakati wa "fika", neno la Kiswidi la kahawa na kitafunwa. Vete-Katten, Kungsgatan, ipo tangu 1928. Agiza kardemummabulle, andazi la iliki: ni iliki ileile ya mahamri, ila husagwa kwa chembe kubwa na hutiwa kwa wingi hata uitafune. Kuanzia Januari, hasa kabla ya Kwaresima, kuna semla, andazi la iliki lililojazwa lozi na krimu.

Usipange safari ya kula mwezi Julai bila kuangalia kwanza. Migahawa mingi midogo, hasa ya dagens lunch, hufunga wiki kadhaa, na mlangoni hubandikwa karatasi yenye neno semesterstängt, yaani pamefungwa kwa likizo.

Ukichoka na viazi, panda treni ya chini ya ardhi, laini ya 10 kuelekea Hjulsta, ushuke Rinkeby. Wasomali ni wengi pale, na migahawa yao hupika bariis, wali wa viungo unaokaribiana sana na pilau, kwa mbuzi au kuku. Ndizi mbivu huwekwa pembeni ya wali, ya kuliwa pamoja nao.