Hilde Johnson na gharama ya kuaminika

Nikiulizwa na wanafunzi wa upatanishi ni mwanadiplomasia gani wa Norway wa kumsoma, wao hutegemea nitamtaja Trygve Lie, katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa, au wale waliokuwa nyuma ya mazungumzo ya Oslo kati ya Waisraeli na Wapalestina. Mimi humtaja Hilde Frafjord Johnson, waziri wa zamani wa maendeleo wa Norway. Wengi hawamjui, ingawa alizaliwa Arusha mwaka 1963, na saini yake ya ushahidi imo kwenye mkataba wa amani wa Sudan uliotiwa sahihi Nairobi mbele ya umati, ukaja kuzaa nchi mpya jirani na Kenya na Uganda: Sudan Kusini.

Sababu yangu si Arusha. Ni kwamba katika maisha ya kazi ya mtu huyu mmoja unaona jinsi kuaminiwa na pande zinazopigana kunavyomfaa mpatanishi, na jinsi kuaminiwa kulekule kunavyomwelemea akipewa kazi ya aina nyingine. Alikaa kwenye viti vyote viwili, na watu waliokuwa mbele yake walikuwa karibu walewale.

Kisomo chake ni anthropolojia ya jamii, na kabla ya siasa aliwahi kuandikia gazeti la Vårt Land. Aliingia bungeni mwaka 1993 kupitia Chama cha Kikristo cha Watu, akiwakilisha mkoa wa Rogaland. Mkoa huo uzingatie, maana makao yake ni Stavanger, mji wa mafuta wa Norway. Mwaka 1997 chama hicho kiliongoza serikali ya wachache chini ya Kjell Magne Bondevik, ambaye ni mchungaji wa Kilutheri, na Johnson, akiwa na miaka 34, akawa waziri wa maendeleo ya kimataifa na haki za binadamu. Serikali ile ilianguka Machi 2000 kwa mgogoro wa mitambo ya umeme wa gesi na hewa chafu yake. (Ndiyo, Norway serikali inaweza kuanguka kwa jambo hilo.) Bondevik alirudi madarakani mwaka 2001, na Johnson akarudi wizara ileile hadi 2005.

Huku kwetu kazi yake ya kwanza iliyopaswa kuzungumzwa zaidi ni ya madeni na masharti ya misaada. Mwaka 1998 Norway ilitoa mpango wake wa kufuta madeni ya nchi maskini. Mwaka uliofuata Johnson aliwakaribisha mawaziri wenzake watatu katika monasteri ya kale ya Utstein, si mbali na Stavanger: Clare Short wa Uingereza, Eveline Herfkens wa Uholanzi na Heidemarie Wieczorek-Zeul wa Ujerumani. Wanawake wanne, kila mmoja na bajeti ya misaada mkononi, walikubaliana waache kuilazimisha nchi inayosaidiwa kununua bidhaa na huduma kwa mfadhili, na wapunguze utitiri wa ripoti na ujumbe wa wafadhili unaogonga hodi kwenye wizara zetu. Aliyewahi kufanya kazi Hazina, Dar es Salaam au kwingine, anaujua mzigo huo: kila mhisani na fomu yake, kila fomu na tarehe yake. Utstein haikuumaliza, lakini ilisaidia kuyafanya malalamiko hayo kuwa ajenda ya wenye fedha wenyewe.

Sasa Sudan. Mazungumzo ya kumaliza vita kati ya serikali ya Khartoum na waasi wa Kusini yalikuwa chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na aliyeyaendesha ni Mkenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Nalisisitiza hili kwa sababu simulizi za Ulaya hupenda kumweka Mzungu katikati ya meza. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002, iliyowapa watu wa Kusini haki ya kupiga kura ya kujitenga baada ya miaka sita ya mpito, ilipatikana kwenye meza ya Sumbeiywo. Norway ilikuwa kando, pamoja na Marekani na Uingereza, katika kundi lililoitwa Troika. Marekani ilikuwa na vitisho na vivutio, Uingereza ilikuwa na historia yake ya ukoloni pale. Norway ilikuwa na nini? Ilikuwa na mashirika yake, la kanisa na la vyama vya wafanyakazi, yaliyokuwa yakifanya kazi Kusini tangu zamani. Ilikuwa na wataalamu wa mafuta. Na ilikuwa na waziri ambaye John Garang, kiongozi wa SPLM/A, vuguvugu la waasi wa Kusini na jeshi lake, alipokea simu zake, na Ali Osman Taha, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, pia alizipokea.

Septemba 2003 ndipo simu hizo zilipofanya kazi. Mazungumzo yalikuwa yamekwama, na njia pekee iliyobaki ilikuwa wakubwa wenyewe wakutane ana kwa ana. Taha alitangulia kufika Naivasha, Garang akachelewa, na kila saa iliyopita iliongeza hatari ya Taha kufungasha na kurudi Khartoum. Johnson alikuwa miongoni mwa waliomsukuma Garang kwenda. Garang alifika. Wakakaa katika hoteli kando ya ziwa, mara nyingi wawili tu bila wajumbe wao, na kufikia Septemba 25 walikuwa wamekubaliana jambo gumu kuliko yote: Kusini ibaki na jeshi lake.

Kisha ikaja hesabu ya mafuta, na hapa ujuzi wa Norway ulionekana. Makubaliano ya Januari 7, 2004 yalipangwa hivi: katika mapato ya mafuta ya visima vya Kusini, kwanza asilimia mbili zinaenda kwa jimbo yanakotoka, kisha kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu kati ya Serikali ya Kusini na serikali ya Khartoum. Likisomwa leo linaonekana jambo jepesi. Lakini ili mgawane nusu lazima kwanza mkubaliane nusu ya nini: mapato kabla ya gharama au baada ya gharama, bei ya nani, na nani anaruhusiwa kuona mikataba ya kampuni. Mtu wa msituni aliyepigana miaka ishirini hawezi kujibizana na wachumi wa wizara ya mafuta kuhusu mambo hayo asipokuwa na wa kumfundisha. Wataalamu kutoka Norway waliwaeleza pande zote mbili, na hapo ndipo mbunge wa zamani wa Rogaland, mkoa wa mafuta, alipokuwa na faida kuliko waziri mwingine yeyote wa misaada.

Januari 9, 2005, katika Uwanja wa Nyayo, mkataba wa mwisho wa amani, uitwao CPA kwa kifupi cha Kiingereza, ulitiwa saini, na Johnson akaweka yake kama shahidi kwa niaba ya Norway. Miezi mitatu baadaye Oslo iliandaa mkutano wa wafadhili ulioahidi dola bilioni 4.5. Julai 30 mwaka huohuo Garang alikufa katika ajali ya helikopta ya rais wa Uganda, na Salva Kiir akashika nafasi yake.

Miaka yake ya Unicef, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, alikokuwa naibu mkurugenzi mtendaji kuanzia 2007 hadi 2011, naipita. Julai 2011, Sudan Kusini ilipopata uhuru, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alimteua kuongoza ujumbe mpya wa kulinda amani huko, UNMISS. Uteuzi ulionekana wa wazi kabisa. Nani mwingine aliwajua viongozi wa Juba kwa majina ya watoto wao?

Mimi nadhani ndipo tatizo lilipoanza. Azimio namba 1996 la Baraza la Usalama liliipa UNMISS kazi mbili zinazovutana: kuisaidia serikali kujenga dola, na kuwalinda raia. Aliyelitunga alidhani hatari itatoka kwa waasi na wezi wa ng'ombe. Lakini Desemba 2012 jeshi la serikali lenyewe lilitungua helikopta ya UNMISS jimboni Jonglei, na marubani na wahudumu wanne Warusi wakafa. Mpatanishi anaweza kunyamaza hadharani ili aendelee kupokelewa simu. Mkuu wa ujumbe wa ulinzi wa raia akinyamaza, raia hudhani ameshachagua upande. Wakosoaji wake walisema yuko karibu mno na SPLM. Nikisoma kumbukumbu za miaka ile, sioni kwamba aliwapendelea kwa moyo. Naona mtu aliyeamini kwamba maneno ya faragha kwa rafiki wa zamani yangefanya kazi tena, kama Naivasha, ilhali marafiki hao walikuwa sasa na dola, visima na majenerali.

Desemba 15, 2013 vita vikazuka Juba, Rais Kiir na aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, wakatengana kwa bunduki. Ndani ya saa chache watu walikuwa kwenye mageti ya UNMISS, pale Tomping karibu na uwanja wa ndege na pale Jebel. Ujumbe haukuwa na vyoo, maji wala hema za idadi ile. Mageti yalifunguliwa. Makumi ya maelfu wakaingia, na bila shaka wengi wangeuawa kama wangeachwa nje. Uamuzi huo ndio ninaoupa uzito mkubwa kuliko mkataba wowote ulio na saini yake.

Ulimgharimu haraka. Januari 2014, huko Bor, mji mkuu wa jimbo la Jonglei, waziri wa habari Michael Makuei alitaka kuingia kambi ya UNMISS na walinzi wenye silaha, akakataliwa. Silaha haziingii panapolala waliokimbia silaha, hata za waziri. Kesho yake Kiir aliutuhumu Umoja wa Mataifa kwamba unajifanya serikali sambamba. Machi, katika mji wa Rumbek, makontena ya UNMISS yaliyoandikwa kwamba yamebeba bidhaa za kawaida yakafunguliwa, yakakutwa na silaha za askari wa Ghana. Zilikuwa za walinda amani, lakini zilipaswa kusafirishwa kwa ndege, si kwa barabara. Kosa la makaratasi likageuka ushahidi wa njama: waandamanaji wakajaa mitaa ya Juba wakiwa na mabango yanayomtaka Johnson aondoke. Aprili 17 watu wenye silaha wakavamia kambi ya Bor na kuua waliokimbilia humo.

Mwezi Mei Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2155, lilifuta ile kazi ya kujenga dola na kuweka ulinzi wa raia mbele. Johnson aliondoka Julai 2014, nafasi yake akapewa Ellen Margrethe Løj wa Denmark. Tayari alikuwa ameandika kitabu kuhusu mazungumzo ya Sudan. Mwaka 2016 akatoa kingine kuhusu kuporomoka kwa Sudan Kusini. Baadaye akarudi nyumbani kuwa katibu mkuu wa chama chake, wakati ambao chama hicho kilikuwa kinapasuka kati ya kwenda kushoto na kuingia serikali ya mrengo wa kulia ya waziri mkuu Erna Solberg. Novemba 2018 wajumbe waliamua kwa kura 98 dhidi ya 90 kwenda na Solberg.