Nyoka wa kufugwa hutorokea juu: namna ya kuziba tangi la kioo

Tangi la kioo la samaki lilibuniwa kuzuia maji. Kuta zake nne na sakafu ni imara, lakini juu liliachwa wazi, au likafunikwa kwa kitu chepesi cha kuzuia vumbi. Anayelinunua ili afugie nyoka amepata nusu ya banda tu. Nyoka anayetoroka kwenye tangi la namna hii kwa kawaida hupitia juu: ukingoni mwa mfuniko, kwenye kona, au kwenye tundu la waya wa umeme.

Kipimo cha kwanza ni kichwa chake. Nyoka hana mabega ya kumkwamisha, na mbavu zake hazikuungana na mfupa wa kifua, kwa hiyo kiwiliwili hujibana na kuwa bapa anapopenya. Penye nafasi ya kichwa, mwili nao hupita, isipokuwa kama ametoka kumeza windo. Wafugaji wengi hutazama unene wa tumbo na kuridhika, na hapo ndipo wanapokosea. Kitazame kichwa kwa juu, kisha kwa ubavu. Kimo chake ni kidogo kuliko upana, na kwenye mwanya mrefu mwembamba kama ule wa chini ya mfuniko, kimo ndicho kinachoamua. Kinda wa Pantherophis guttatus, nyoka wa Marekani ambaye wengi huanza naye ufugaji, huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30 hivi na unene wa penseli. Kinda wa namna hiyo akae kwanza kwenye chombo kidogo kinachofunga vizuri, ahamie tangi kubwa akishakua.

Jambo la pili ni nguvu. Nyoka hasubiri kuukuta mwanya, huutengeneza. Usiku huzunguka ukingo wa juu, huegemeza mikunjo ya mwili kwenye kioo, huweka pua konani na kusukuma. Mfuniko wa wavu ulioshikwa na vibanio viwili, kila kimoja katikati ya upande mrefu, hausogei katikati, lakini kona zake hunyanyuka. Jaribu mwenyewe kabla ya kumwingiza: funga mfuniko kama utakavyoufunga kila siku, mwombe mtu auinue kidogo kwenye kila kona kwa ncha ya kidole, nawe uinamishe jicho usawa wa ukingo. Ukiona kona inaachia kioo hata kidogo, ongeza kibanio pale pale konani. Tangi la kawaida lahitaji vibanio vinne karibu na kona, na lililo refu liongezewe vya katikati.

Vitabu na mawe juu ya mfuniko si kufuli. Uzito hukaa katikati wakati nyoka anasukuma pembeni, na jiwe likiteleza linaweza kuvunja kioo na kumwangukia. Isitoshe, huziba hewa. Kwa nyoka mwenye nguvu, kama chatu, ninashauri mfuniko wa fremu ya mbao au alumini wenye bawaba upande mmoja na komeo mbili upande wa pili, na kufuli ya ufunguo ikiwa nyumba ina watoto. Wavu uwe wa chuma wenye matundu madogo kuliko kichwa cha nyoka, ubanwe kati ya vipande viwili vya fremu kwa skrubu. Wavu uliogongewa pini upande wa juu tu hung'oka, kwa kuwa msukumo wote hutoka chini. Wavu wa nailoni hauna kazi hapa.

Matangi yenye milango ya kioo ya kusukuma yana udhaifu wake. Pale vioo viwili vinapopishana hubaki nafasi ya wima yenye unene wa reli iliyo kati yao. Mkubwa hapiti, kinda anapita. Ziba kwa ukanda wa plastiki laini unaobandikwa upande wa nje, kisha weka kufuli ya vioo, kwa sababu nyoka akiegemea kioo na kujisogeza anaweza kukisukuma kando.

Waya wa mkeka wa joto na wa kipimajoto upite kwenye tundu lenye ukubwa wa waya wenyewe, au tundu lizungushiwe raba inayoubana. Nyufa za kudumu zizibwe kwa silikoni ya matangi, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Iache ikauke saa 24 kwa uchache, na zaidi ikiwa umeipaka nene. Harufu ya siki itokayo kwenye silikoni ikiwa bado inasikika, nyoka asiingie.

Tepu ya gundi isitumike ndani ya tangi hata kwa usiku mmoja. Joto hulegeza gundi, tepu hubanduka upande mmoja, nyoka hupita na kunasa, na akijinasua magamba na ngozi huchunika. Ukimkuta amenasa, usimvute. Paka mafuta ya kula polepole ukingoni mwa tepu hadi gundi iachie yenyewe.

Katika kuziba, mtu asizibe hewa. Ndani ya tangi lililofungwa kabisa unyevu hutuama, ukungu huota, na nyoka huugua mapafu. Lakini tundu la hewa nalo ni mlango. Mwezi Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika alitoka kwenye chumba chake kupitia njia ya hewa, akaangukia kutoka darini kwenye chumba walimolala watoto wawili wa miaka 4 na 6. Wote walikufa. Ninalitaja tukio hili kwa uzito wake: kila tundu la hewa liwe na wavu uliokazwa kwa skrubu.

Nyoka mdogo asiyeweza kumdhuru mtu naye ana madhara akishatoka nje. Katika kisiwa cha Gran Canaria, nyoka-mfalme wa California walioletwa kufugwa majumbani walifika porini, wakazaliana, na mijusi wa asili ya kisiwa hicho wamepungua mno walikoenea.

Kazi ikiisha, subiri giza. Zima taa zote, washa tochi ndani ya tangi, funga mfuniko, kisha lizunguke ukitazama ukingo na kona. Mahali mwanga unapochomoza bila kupitia wavu, pana kazi iliyobaki.

Nyoka anayesukuma kila usiku anakueleza pia kwamba kuna kinachomkera. Mara nyingi ni joto. Python regius, chatu mdogo wa Afrika anayefugwa sana, kwa mfano, ahitaji upande wa joto wa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa baridi wa 24 hadi 27, na mahali pa kujificha pande zote mbili. Mkeka wa joto usiwashwe bila kidhibiti joto. Ukiona pua imechubuka, kagua joto, maji na maficho kabla ya kuongeza kibanio kingine. Madume huhangaika zaidi msimu wa kupandana, na nyoka aliyehamishiwa tangi jipya huhangaika siku za mwanzo, kwa hiyo siku hizo kufuli zikaguliwe kila jioni.

Akitoroka, funga mlango wa chumba na uweke nguo chini yake, kisha anza karibu na tangi: nyuma ya makabati, ndani ya droo, chini ya friji palipo na joto la mota. Nyunyiza unga sakafuni kando ya kuta kabla ya kulala. Alama za mwili zitaonyesha alikoelekea. Akipatikana, akae kwenye chombo kingine kinachofunga, ukague tangi hadi uione njia aliyopitia. Asirudishwe kabla haijazibwa.