Usiue rangi kabla hujaitumia

Wengi wakitaka picha ya blaki en waiti wanaburuta slaida ya saturesheni, yaani ukolezi wa rangi, mpaka kushoto kabisa, basi, halafu wanashangaa mbona picha imepoa. Kanga nyekundu na kanga ya kijani zikiwa na mwanga unaokaribiana, kilichokuwa kikizitenganisha ni rangi tu, ukiitoa hivi hivi zote zinakuwa kijivu kimoja, hujui pindo liko wapi na mji uko wapi.

Picha ya dijitali ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ukiitazama peke yake ni picha nzima ya nyeusi na nyeupe. Kazi ni kuzichanganya, yaani kuamua kila chaneli ichangie asilimia ngapi ya picha ya mwisho. Fomula moja ya kawaida inachukua kama asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kwa sababu jicho letu linaona kijani kuwa na mwanga zaidi. Kwa kuanzia sawa, lakini fomula haijui wewe unataka kuonyesha nini.

Chukua jahazi limetweka tanga mbele ya Shela, kule Lamu, anga ya bluu. Pandisha nyekundu, shusha bluu, anga inakolea giza na tanga jeupe linajitokeza lenyewe. Jumla ya asilimia zote tatu ikae karibu na 100 ama picha nzima itaungua. Na kama ni JPEG usilazimishe, ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli na rangi zake zimebanwa, utaona michirizi angani na ukingo mweupe kuzunguka mlingoti. Piga RAW, faili ghafi la kamera.

Sasa sura za watu, na hapa mimi sikubali kabisa. Nyekundu ile ile inang'arisha ngozi na kufuta mikunjo, yaani nahodha aliyepigwa na jua na chumvi maisha yake yote unamtoa kama kapakwa poda, hapana jamani, huyo si yeye! Kwenye sura natumia kijani zaidi. Bluu inaifanya ngozi iwe ya giza mno, tena ina chenga, hasa usiku chini ya taa za njano manake mwanga wa bluu ni mchache na kamera inaupandisha kwa nguvu.

Anga na sura zikiwa picha moja, tumia maski, yaani unachagua sehemu ya picha na kuihariri peke yake, kila sehemu na mchanganyiko wake. Kwa simu, programu ya kuhariri picha ya Snapseed ina vichujio vya rangi humo ndani ya blaki en waiti, weka chekundu kisha cha kijani ukiangalia shavu la mtu.