"Imeandikwa": je, Mkristo hana uamuzi juu ya wokovu wake?

Pale ufukweni Bagamoyo, mashua zikisubiri maji yajae, utamsikia kijana anayeshona nyavu akisema: "Kama Mungu amenipangia kuokoka, nitaokoka tu. Imeandikwa." Wengi hudhani ndivyo Ukristo unavyofundisha, na chanzo chake si cha kubeza: wanajua kwamba wokovu ni neema, haununuliwi kwa matendo.

Lakini neema haimfanyi mtu gogo linalochukuliwa na mkondo. Wakatoliki na Waorthodoksi husema Mungu huanza, mtu huitikia, na anaweza kukataa. Wamethodisti nao wako karibu na hapo. Wenye mapokeo ya Kireforma, yaani makanisa yanayofuata mafundisho ya Kalvini kama Wapresbiteri, husisitiza kwamba Mungu alichagua tangu awali watakaookoka, na hapa tofauti ni ya kweli, sitaifunika. Ila hata kanuni zao zilizoandikwa Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, zinasema lawama ya kutoamini ni ya mtu mwenyewe.

Kuhakiki si kazi kubwa. Fungua Wafilipi 2:12: waumini wanaambiwa wautimize wokovu wao wenyewe. Usifunge kitabu hapo. Mstari wa 13 unasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao. Mistari hii imefuatana, na anayekusomea mmoja tu amekunyima nusu. Kisha soma Ezekieli 18 yote, mlango unaokataa kwamba mwana abebe uovu wa baba yake. Mwombe katekista au mchungaji wako katekisimu ya kanisa lenu, utafute inasemaje kuhusu hiari ya mtu.