Mozaiki ya kioo: picha imo kwenye mapengo

Mozaiki yangu ya kwanza ilikuwa samaki. Nilikata vipande zaidi ya mia tatu vya kioo cha buluu, vyote mraba, vyote saizi moja, nikavipanga kwa rula kuanzia kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Hakuna kipande kilichokwenda upande. Nilipomaliza nikaiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona sakafu ya bafu yenye doa lenye umbo la samaki. Rangi zilikuwepo, umbo lilikuwepo, samaki mwenyewe hakuwepo.

Ilinichukua muda kujua nilikosea wapi, kwa sababu nilikuwa nakikagua kioo, na kosa halikuwa kwenye kioo. Lilikuwa katikati ya kioo na kioo. Leo mtu akija kwenye chumba changu cha kazi akaniuliza aanze na rangi zipi au koleo gani, mimi humrudishia swali: mistari yako itakwenda wapi?

Mapengo kati ya vipande yanaungana. Kila moja peke yake ni ufa mwembamba usio na maana, lakini yakishikana kichwa kwa mkia yanakuwa mstari mrefu, na jicho la mtazamaji hupanda juu ya mstari huo na kwenda nao bila kuombwa. Wakristo wa Ravenna, mji wa Italia, walijua hilo, na Warumi kabla yao. Waitaliano wana neno la huo mwendo wa safu, andamento, nasi wa kazi hii tunalitumia vilevile. Mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu hutuliza. Mistari inayopinda hutembea. Samaki wangu alikuwa amepangwa kwa mistari ya daftari, basi alikuwa ametulia kwelikweli: alikuwa amekufa.

Samaki wa pili nilimpanga tofauti. Safu zilianzia mdomoni, zikapanda kufuata mgongo, zikabanana kwenye kiungo cha mkia kisha zikatawanyika. Kwenye maji ya nyuma yake nilifanya jambo ambalo mafundi wa Kirumi walilifanya mara kwa mara: safu mbili za kwanza zilimzunguka samaki, zikifuata umbo lake kama mwangwi, na baada ya hapo ndipo maji yakanyooka. Hizo safu mbili zinamtenga mnyama na mandhari bila kumchorea mpaka mweusi. Kupanga vipande vidogo kwa safu zinazojipinda, mara nyingi vya milimita 4 au pungufu, kuliitwa opus vermiculatum, jina linalotokana na neno la Kilatini la mnyoo mdogo. Ukiziona safu zenyewe huhitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kioo, chukua penseli na ujaze ubao wako mistari ya mwendo, ukiweka mishale midogo. Na ndani ya safu, mapengo mafupi yapishane kama matofali ya ukuta. Yakikutana manne kwenye nukta moja yanatengeneza msalaba, na jicho litanasa hapo kila linapopita.

Safu ikipinda, mraba haufai tena. Upande wa nje wa kona mapengo yatafunguka kama kinywa cha mamba, na wanaoanza huyafukia kwa grauti, lile tope la saruji la kujazia mapengo, wakidhani hayataonekana. Yataonekana kuliko kitu kingine chochote. Dawa ni kukata kila kipande kiwe kabari kidogo, chembamba upande wa ndani wa kona. Kidogo tu: kunyofoa milimita moja kwenye kipande cha milimita 10 kunatosha kupindisha safu nzima polepole.

Hapo tunafika kwenye kukata, na neno lenyewe linadanganya. Kioo hakikatwi, kinapasuliwa mahali ulipotaka. Gurudumu dogo la kikata-kioo linapopita juu ya kioo cha bapa halitoboi kitu, linafungua ufa mwembamba sana usoni. Ukikikunja kioo kwa vidole au kwa koleo la kupasulia, ufa huo unateremka hadi upande wa pili. Ndiyo maana mstari hupigwa mara moja tu. Ukiurudia unafungua ufa wa pili kando ya wa kwanza, nao watagombana juu ya nani apasue, na gurudumu lako litakuwa butu bure. Pasua mara baada ya kupiga mstari. Sikiliza pia: mstari mzuri hutoa sauti ya mfululizo, kama hariri inayochanwa. Kimya maana yake hukubonyeza, na mkwaruzo wenye vumbi jeupe maana yake umebonyeza mno. Tone la mafuta mepesi kwenye gurudumu linasaidia.

Kwa vigae vidogo vya kioo, vile vya milimita 20 kwa 20 na unene wa milimita 4 hivi, situmii kikata-kioo kabisa. Natumia koleo lenye magurudumu mawili magumu yanayotazamana. Wengi hukisukuma kigae chote ndani ya meno kama wanakata karatasi kwa mkasi, halafu wanashangaa kinavunjika vipande vinne. Weka ukingo tu, milimita 2 au 3, uyaelekeze magurudumu kule unakotaka ufa uende, kisha bana kwa mkupuo mmoja. Ufa utajiendea wenyewe hadi ng'ambo. Kiganja cha mkono wa pili kiwe juu kama paa, vipande visiruke.

Miwani ya kinga ni lazima, hata kwa kipande kimoja, hata kama mgeni yuko mlangoni na unataka tu kumwonyesha. Viatu vilivyofunika vidole pia. Meza usiifute kwa kiganja (kila mmoja wetu amewahi, mara moja), na sakafu usiifagie kavu: pangusa kwa kitambaa chenye maji. Nimewahi kuchomoa chembe ya kioo kisiginoni siku tatu baada ya kazi kwisha, tena kwenye chumba cha kulala.

Gundi nitaipitia haraka kwa kuwa kanuni yake ni moja: uliza kama kazi itakutana na maji. Picha ya kutundika ndani ya nyumba inakaa vizuri kwenye plaiwudi ya milimita 12, ukiipaka kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, pande zote mbili na kwenye kingo, isije ikanywa unyevu na kupinda. Gundi hiyohiyo, bila kuipunguza, inabandika vipande. Nje ya nyumba au bafuni haifai, maana maji yanailainisha tena. Huko tumia ubao wa saruji na gundi ya saruji ya vigae. Chagua ile nyeupe. Kioo kinachopitisha mwanga huonyesha kilicho nyuma yake, na gundi ya kijivu itaigeuza njano yako kuwa rangi ya matope. Kumbuka na uzito: kioo cha milimita 4 kinafika kilo 10 kwa mita moja ya mraba kabla hujahesabu ubao, kwa hiyo msumari wa picha za familia haukutoshi.

Onyo moja kuhusu vipande vya kioo cha kujitazamia. Ile gundi ya silikoni inayonukia siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula fedha iliyo mgongoni mwa kioo. Nilimtengenezea rafiki fremu nzima kwa silikoni ya namna hiyo. Ilikabidhiwa iking'aa, na miezi michache baadaye madoa meusi yalikuwa yanatambaa kutoka kingoni kwenda katikati. Niliing'oa yote nikaanza upya. Ipo silikoni isiyo na asidi, na kopo lake husema hivyo.

Sasa grauti. Kama picha inachorwa na mapengo, basi grauti ndiyo wino wake, lakini watu hutumia wiki nne kuchagua kioo na dakika mbili kuchagua grauti. Na karibu wote huchukua nyeupe, kwa kuwa nyeupe inaonekana safi. Nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Inang'aa kupita kioo chenyewe, inajileta mbele, na rangi zote zinafifia nyuma ya wavu mweupe. Nyeusi hufanya kinyume: rangi zinawaka, ila vipande vilivyokatwa ovyo navyo vinatangazwa. Kijivu cha kati hunyamaza, na kinyamaze, ndiyo kazi yake. Mimi hutengeneza kibao kidogo cha majaribio, vipande vilevile vya kazi yenyewe, nikakigawa mara tatu kwa grauti tatu na kukiacha kikauke kabisa. Grauti mbichi ina rangi nzito kuliko iliyokauka, kwa hiyo usiamue ingali na maji.

Mapengo yangu huwa kati ya milimita 1 na 2. Kwa mapengo chini ya milimita 3 tumia grauti isiyo na mchanga. Yenye mchanga haiingii vizuri, na chembe zake zinaweza kukwaruza uso wa kioo. Vaa barakoa unapomimina unga, maana vumbi lake si la kuvuta, na glavu baadaye, kwa kuwa saruji mbichi inaunguza ngozi polepole bila kukuambia. Ongeza maji kidogokidogo hadi upate tope zito linaloshika mwikoni bila kudondoka. Liache dakika 10, likoroge tena, kisha lisukume ndani ya mapengo kwa kipande cha mpira, ukienda mshazari. Ukienda sambamba na pengo, ukingo wa mpira utazama na kukichota ulichokwisha kujaza.

Halafu subiri. Dakika 15 hadi 20 kwa kawaida, kutegemea joto. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia, kwa sababu mtu anaona kioo chake chote kimefunikwa na matope na moyo unamwenda mbio. Anakimbilia sponji, anaichovya, anapangusa ikiwa inachuruzika, na maji yanaingia kwenye grauti, yanaidhoofisha na kuiachia mabaka. Sponji ikamuliwe hadi iwe na unyevu tu, mpito mmoja, igeuze, isuuze. Ukungu mweupe utakaobaki juu ya kioo utausugua kesho kwa kitambaa kikavu. Na maji ya ndoo usiyamwage kwenye sinki: saruji huganda hata chini ya maji, ndani ya bomba lako.

Saruji hata haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa kuungana na maji. Kwa hiyo funika kazi kwa nailoni, uinyunyizie maji kidogo kwa siku mbili tatu. Grauti iliyokaushwa juani inapasuka na kutoa unga.

Kuna kioo kimoja ambacho sikipi grauti kabisa, nacho ni smalti, kioo kizito kisichopitisha mwanga kinachomiminwa kama chapati bapa kisha kupasuliwa kwa nyundo juu ya tindo iliyosimikwa kwenye gogo. Uso unaotazama mbele ni ule uliopasuka, wenye vishimo na mawimbi, na grauti ikiingia humo haitoki. Smalti unaisukuma kwenye gundi ya saruji iliyo mbichi, vipande vikikaribiana, gundi ikipanda nusu ya pengo. Kivuli kinachobaki ndiyo grauti yake.

Na kwa kuwa kila kipande kinazama peke yake kwenye kitanda kibichi, unaweza kukiinamisha. Katika kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547 huko Ravenna, vipande vya dhahabu, ambavyo ni jani la dhahabu lililofungiwa kati ya matabaka ya kioo, havikulazwa bapa. Vimeinama huku na huku, na mtazamaji akitembea, baadhi vinazimika na vingine vinawaka. Ukuta uliosawazishwa kwa pimamaji ungewaka wote mara moja mahali pamoja, na kwingine ungekuwa kahawia tu.

Jaribu kwenye kibao chako. Bandika vipande kumi vya kioo kinachong'aa, vitano bapa na vitano ukivibonyeza kona moja zaidi kuliko nyingine, digrii chache tu, halafu zima taa na upitishe tochi kutoka kushoto kwenda kulia. Utakapoitundika kazi yenyewe, taa isiitazame usoni. Iweke ubavuni au juu, karibu na ukuta, mwanga upite ukichechemea juu ya vipande.