Mradi mama kwanza: maana yake kwa kampuni kubwa za teknolojia

Katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, mradi mama ni ule wa asili, wenye watunzaji wanaoamua msimbo upi uingie na upi ukataliwe. Kampuni inapouchukua, ikaubadilisha na kuutia kwenye bidhaa zake, tayari imezaa tawi lake yenyewe. "Mradi mama kwanza" ni utaratibu wa kupeleka mabadiliko hayo kwa watunzaji mapema, badala ya kuyalundika ndani.

Wengi hudhani kuchapisha msimbo kunatosha. Hapana. Apple ilijenga kivinjari chake cha Safari, kilichotangazwa Januari 2003, juu ya KHTML, injini ya kuonyesha kurasa za wavuti ya mradi huria wa KDE. Masharti ya leseni yalitimizwa na mabadiliko yalitolewa, lakini kwa mkupuo: marekebisho mengi yamechanganyika, maelezo haba ya kwa nini mstari fulani uliguswa. Watunzaji wa KHTML walipata taabu kuchomoa hata sehemu moja waitumie. Juni 2005 Apple ilifungua hazina ya msimbo ya WebKit, tawi lake la KHTML, pamoja na mfumo wa kuripoti hitilafu, na hapo watu wa nje wakaweza kufuatilia badiliko moja moja na kuchangia.

Tawi lina gharama, na hiyo ndiyo hoja inayowagusa mameneja. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10. Mwenye viraka vyake pembeni, yaani mabadiliko ya msimbo yasiyo kwenye mradi mama, huvipachika upya kila anapohamia toleo jipya. Kiolesura cha ndani, yaani namna sehemu za kerneli zinavyoitana, kikibadilika, kiraka kilichokuwa kizima hakijengeki tena. Hata msimbo uliokwisha kupokelewa unahitaji mlezi: viendeshi vya Android viliondolewa kwenye toleo la 2.6.33 la kerneli mwaka 2010 kwa kukosa matunzo, na sehemu za Android zikarudi katika toleo la 3.3 mwaka 2012, baada ya kazi kubwa.

Kwa vitendo, kwenye Linux, jadili muundo na watunzaji kabla ya kuandika sana. Kisha gawa kazi iwe viraka vidogo, kila kimoja na badiliko moja na sababu yake. Weka sahihi ya Signed-off-by kwa amri ya git commit -s (git ni programu ya kutunza matoleo ya msimbo); ni tamko kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Pitisha kiraka kwenye checkpatch.pl, programu ya kerneli ya kukagua mtindo wa msimbo, tafuta watunzaji wahusika kwa get_maintainer.pl, tuma kwa git send-email. Vipengele vipya huingia katika wiki 2 za mwanzo wa mzunguko wa kila toleo. Baada ya hapo ni marekebisho tu.

Kinachokwamisha kampuni mara nyingi ni taratibu zake, kuliko ufundi. Mtunzaji anauliza swali leo, jibu linasubiri idhini ya wanasheria, na mjadala unapoa. Au muundo umeshaamuliwa ndani na bidhaa inakaribia kutoka, kwa hiyo mhandisi hana ruhusa ya kukubali pendekezo la mtu wa nje. Dawa ni kumpa mhandisi idhini ya kudumu kwa mradi husika, na kuhesabu muda wa kukagua viraka vya wengine kama kazi halali. Kila toleo, hesabu viraka vilivyobaki nje ya mradi mama. Idadi ikipanda mfululizo, tafuta kwanza ni idhini gani inayochelewa.